Kabla Hatujaenda Kwihara

Katika nyumba moja hapa Cheyo kuna kalenda ya zamani iliyotundikwa ukutani, nayo ina picha ya ule uwanja mkubwa wa michezo wa Warumi wa kale, uliomalizwa kujengwa siku za Kaisari Tito, mwaka 80. Miezi ya kalenda hiyo imekwisha siku nyingi, lakini mwenye nyumba hakuitoa, kwa ajili ya picha yake. Jioni moja nalikwenda kuwaamkia jamaa wa nyumba hiyo, akatoka kijana wao wa miaka 12, akaniuliza, "Mwalimu, watu hujitayarishaje waendapo kutazama vitu vya kale vya Roma?"

Nikamweleza yale niliyoyasoma. Nikamwambia ya kuwa mwenye akili hangoji afike mlangoni ndipo aulize; husoma kwanza, hujua aliyejenga ni nani na kwa sababu gani, tena huchagua vitu vichache vya kutazama, maana huko vitu ni vingi mno na macho huchoka. Mtoto alisikiliza vizuri hata mwisho. Kisha akauliza swali la pili, "Na sisi tutakwenda lini?"

Nalicheka, halafu nikaona haya. Maana kwa mwendo wa saa mbili tu kutoka mlango wa nyumba ile iko nyumba ya mambo ya kale iliyo yetu wenyewe, nayo ni tembe ya Kwihara, ambayo watu huiita kwa jina la Daktari Livingstone. Siku ya pili naliwauliza watoto wangu wa mafundisho, nao walikuwa 34, ni nani aliyewahi kuiona. Wakanyosha mkono wanne, na katika hao wanne mmoja alikuwa amepita nje tu, akifuata ng'ombe.

Basi nataka kuwaeleza jinsi tulivyoshauriana habari ya safari hiyo, wazazi na walimu wa Cheyo. Nalidhani ni shauri la maji, na chakula, na saa ya kuondoka. Kumbe yalikuwapo mengine makubwa kuliko hayo, na labda ninyi mnaokusudia kuwapeleka watoto wenu mtakutana nayo pia.

Sina budi kuanza na aibu yangu. Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, naliwachukua watoto hao bila shauri lolote na mtu. Tuliondoka Cheyo saa 4 asubuhi, kwa sababu nalikuwa na kazi zangu za mapema na sikutaka kuziacha. Aliyekaa Tabora ajua jua la Oktoba lilivyo: mvua bado, majani yamekauka, na mchanga wa njia waunguza hata mwenye viatu. Maji yetu yalikuwa dumu moja la lita 20, na zamu ya kulibeba ilileta ugomvi kabla hatujatoka mjini. Kijana mmoja alivaa viatu vya kaka yake, vikubwa, akavivua, akavitundika shingoni. Katikati ya njia msichana mmoja akashikwa na kizunguzungu. Tukaketi chini ya mwembe, embe zenyewe mbichi, tukamlaza na kumwekea kitambaa chenye maji kichwani. Nikahesabu watoto, nikapima maji yaliyobaki kwa kulitikisa dumu, nikaona ya kuwa tukiendelea mbele nitawarudisha wagonjwa kwa mama zao. Tukarudi. Kwihara hatukuiona.

Wazazi hawakunigombeza. Lakini jioni ile mama mmoja aliniletea chai, akaketi, akaniuliza kwa upole sana, "Hivi, Mwalimu, wale wapagazi wa zamani walikuwa wakiondoka saa ngapi?"

Swali hilo lilinichoma, maana jawabu lake nalikuwa nalijua. Wapagazi waliondoka alfajiri, na kabla jua halijawa kali walikwisha kutua mizigo na kujenga kambi. Kila mmoja alichukua mzigo wa frasila 2 hivi, yaani kama kilo 32, wa nguo za merikani na kaniki, au ushanga, au masango, na wakati wa kushuka pwani pembe za ndovu. Kutoka Bagamoyo hata Unyanyembe ilikuwa safari ya miezi mitatu. Stanley aliyekuwa na haraka nyingi alitoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akafika huku tarehe 23 Juni. Nasi wajukuu wa watu wale tulishindwa na kilomita 8, mikono mitupu.

Safari ya pili naliianza kwa kwenda peke yangu, kwa baiskeli, ili nijue njia na nyumba kabla ya kumchukua mtoto wa mtu. Nashauri kila mwalimu afanye hivyo. Nalifuata njia ya Kipalapala, kisha nikaingia njia ya vumbi, na jua lilipoanza kupanda nalikuwa nimefika.

Nyumba yenyewe ni tembe yenye paa tambarare, kuta zake nene zimepakwa rangi nyekundu iliyokolea, na mlango wake ni wa mbao zilizochongwa kwa namna ya pwani. Ndani mna ua, na vyumba vimeuzunguka. Na vyumbani kuna picha, na ramani, na nakala za barua. Vitu si vingi. Mtu aliyezoea kusoma habari za majumba ya Roma, yenye sanamu elfu na elfu, aweza kuvimaliza vyumba hivi kwa nusu saa akaondoka akisema, "Ndiyo haya tu?" Nami siku ile, niseme kweli, nalikaribia kusema hivyo. Nikatoka nje, nikaketi kivulini, nikala karanga zangu, na hapo ndipo nilipofahamu ya kuwa matayarisho ya Kwihara ni magumu kuliko ya Roma. Huko mtu aingia mikono mitupu na vitu vyenyewe vitamshangaza. Hapa asiyejua habari ataona udongo na mbao, basi.

Niliporudi nikawaita wazazi waje kwangu Jumapili jioni. Walikuja Wakristo, na majirani zetu Waislamu pia, kwa maana watoto wao hucheza na wetu wala hawakutaka kuachwa nyuma. Tukazungumza habari ya maji, tukamaliza. Tukazungumza habari ya saa ya kuondoka, nao wote wakanitazama, tukacheka, tukamaliza. Ndipo bibi mmoja mzee sana, ambaye ukoo wake ni wa Manyema, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, akatengeneza kanga yake begani akasema:

"Mwalimu, mwanangu, mnakwenda kutazama nyumba ya Mzungu aliyekaa miezi michache. Bibi yangu mzaa mama alifika mji huu kwa njia ile ile, akiwa mtoto mdogo, wala hakuja kwa kupenda kwake. Na yeye mmemwekea nini katika nyumba hiyo?"

Watu wakanyamaza. Kisha baba mmoja akasema, "Mimi naona afadhali utumwa usitajwe mbele ya watoto. Mwawajua watoto. Leo watasikia, kesho mmoja atamwita mwenzake mtumwa njiani, na sisi wazazi tutaacha kusalimiana." Mwingine akajibu, "Ukiuondoa utumwa katika habari ya Kwihara, utawaonyesha nini? Mlango?" Na mtu wa tatu, ambaye wazee wake, kama wengi tujuavyo, walikuwa watu wa nyumba ya mwenye misafara, hakusema neno lolote, alikuwa akitazama mkeka.

Mwenyeji wa Tabora anielewa. Katika mji huu mjukuu wa mpagazi, na mjukuu wa mwenye mali, na mjukuu wa aliyeletwa kwa mnyororo, huchota maji bomba moja, tena wameoana, na wengine wana damu zote tatu. Mambo haya hayasemwi barazani. Sheria ya kuufuta utumwa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922, nao si mbali: bibi yule alilelewa na mtu aliyekuwa mtu mzima siku hiyo. Katika Roma liko pingu la chuma la shingoni, ambalo Warumi walimfunga mtumwa wao, nalo limeandikwa ya kuwa mtu huyu ametoroka, na atakayemrudisha kwa bwana wake atapewa sarafu ya dhahabu. Mgeni hulitazama, humhurumia yule aliyelivaa, kisha huenda zake kula chakula cha mchana. Hafikiri kwamba aliyevaa pingu lile huenda akawa babu wa mtu aliyesimama karibu naye. Kwihara ni lazima tufikiri hivyo.

Usiku ule sikulala vizuri. Nalifungua vitabu vyangu, nikatafuta kama iko habari yoyote ya nyumba ile ambayo yaweza kumjibu bibi bila kumwaibisha mtoto yeyote. Jumapili iliyofuata naliwaomba wazazi waje tena, nikawaambia, "Nitawasimulia ninyi kwanza yale nitakayowasimulia watoto. Pale ambapo pana ubaya, mtanizuia." Habari yenyewe ni hii.

Mwaka 1871 Waarabu wa Unyanyembe walipigana na mtemi Mirambo wa Urambo, kwa ajili ya njia ya Ujiji na ushuru wake, naye akawashinda. Stanley alikuwa Kwihara wakati huo, akaingia katika vita vile pamoja na Waarabu, akakimbia pamoja nao. (Hapa mzee mmoja alinikatiza, akanionya nisimwite Mirambo mnyang'anyi kama vitabu vya Wazungu wa siku zile vinavyomwita. Nikamwambia ya kuwa Stanley mwenyewe alipokutana na Mirambo mwaka 1876 walichanjiana udugu. Mzee akaridhika.) Njia ilipofungwa, Stanley alizunguka kwa kusini, akamkuta Livingstone Ujiji mwezi wa Novemba 1871, na tarehe 18 Februari 1872 wakarudi wote wawili Kwihara. Mwezi wa Machi Stanley akashuka pwani. Livingstone akabaki katika tembe ile miezi mitano na zaidi, akingoja wapagazi.

Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya Waarabu, nao waliwakopesha wageni wao. Mwaka uliotangulia, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliona kwa macho yake huko Nyangwe, katika Manyema, watu wa wafanya biashara wakiwapiga kwa bunduki wanawake na watu wengine waliokuja sokoni, mamia wakafa. Na barua zake za habari ile zilipofika Uingereza zilisaidia sana kufungwa soko la watumwa la Unguja mwezi wa Juni 1873. Walakini alilala chini ya paa la wafanya biashara wenyewe, akawa jirani yao. Sisemi alikosa; alikuwa mgonjwa na hakuwa na mahali pengine. Nasema tu kwamba watoto waambiwe na hili, maana mtu mzima aweza kulifikiri kwa miaka mingi. Wadogo nitawaambia habari ya jibini. Wakati wa kungoja Livingstone alitengeneza jibini ya maziwa kwa ajili ya njia, akaandika ya kuwa ni nzuri, ila ina uchachu kidogo.

Tarehe 14 Agosti wapagazi wakafika kutoka pwani, watu 57, na tarehe 25 akaondoka. Tarehe 1 Mei 1873 akafa katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga katika gome la mti na turubai, wakauchukua. Walikuwa Abdullah Susi, mtu wa Shupanga katika mto Zambezi. Na James Chuma, Myao. Na Jacob Wainwright, naye Myao, aliyejua kusoma na kuandika, ndiye aliyelichonga jina la marehemu katika mti. Na Halima, mpishi. Na wengine wengi, wake kwa waume.

Basi mwezi wa Oktoba 1873 wakafika Kwihara. Walimkuta pale Luteni Cameron, Mwingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone akiwa hai. Cameron akawapa shauri wamzike hapo hapo Kwihara, maana njia ya mbele ina hatari nyingi. Nao wakakataa. Walisema wataufikisha mwili pwani, upate kwenda kwao. Yeye alikuwa ofisa wa manowari za Uingereza, na wao walikuwa watumishi waliokwisha poteza wenzao njiani. Lakini shauri lao ndilo lililosimama.

Na hao waliokataa walikuwa nani? Chuma alikuwa mtoto aliyefungwa katika kundi la watumwa, akafunguliwa mwaka 1861 katika nchi ambayo leo ni Malawi. Jacob alichukuliwa utumwani utotoni, akaokolewa, akasomeshwa India katika shule ya misioni karibu na Nasik. Hapo nikamtazama yule baba aliyeogopa neno lile lisitajwe. Alikuwa akisikiliza, kidevu mkononi.

Nikaendelea na habari ya Kasekera, ambayo ndiyo niipendayo kuliko zote. Walipotoka Unyanyembe na kufika upande wa Kasekera, wenyeji wakakataza maiti isipite katika nchi yao. Ndipo watu wale wakatumia akili. Wakatangaza ya kuwa wanarudi Unyanyembe kumzika. Wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga na kuyavika nguo hata yakafanana na maiti, na watu wachache wakayachukua kwa huzuni nyingi, wakirudi nyuma mbele ya macho ya wote. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama mtumba wa nguo, ukawekwa pamoja na mizigo mingine. Wale wa mabua walipofika mbali, usiku, wakafungua mzigo wao, wakatupa bua moja huku na bua moja kule, na nguo wakazificha, kisha wakarudi kambini mmoja mmoja kwa njia mbalimbali. Mtumba ukapita salama. Februari 1874 ulikuwa Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili Livingstone akazikwa London katika kanisa la Westminster, Jacob akiwa miongoni mwa wachukuzi wa jeneza.

Wazazi walicheka sana katika habari ya mabua. Hata yule aliyekuwa akitazama mkeka alicheka, akasema, "Hao walikuwa Wanyamwezi kabisa," nami sikumsahihisha, ingawa wengi wao hawakuwa. Nikawaambia mwisho wa habari ya Jacob pia, ya kuwa baada ya kuona London alirudi Afrika, akakaa mahali pengi, akafa mwaka 1892 huko Urambo, ambako wengi wetu tuna shemeji na wakwe.

Jambo moja zaidi nalilisema wazi, kwa kuwa naona hata walimu hulichanganya. Si kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa. Wanyamwezi wengi sana walikuwa watu huru, walioandikwa kazi na kulipwa, na kijana asiyewahi kufika pwani alichekwa na wasichana. Watumwa walikuwapo, wengine wakibeba, wengine wakiuzwa, wengine wakibaki katika mashamba ya hapa Unyanyembe. Ni habari mbili zilizotembea katika njia moja, nazo hazifai kutiwa katika chungu kimoja.

Nilipokwisha, bibi akasema, "Nimesikia, mwanangu. Habari nzuri. Lakini hao wana majina yao katika kitabu. Wangu mimi hana."

Sikuwa na jawabu, wala sasa sina. Katika Roma yako makaburi mengi ya watu waliokuwa watumwa wakaachwa huru, na majina yao yamechongwa katika jiwe, na kazi zao, na majina ya watoto wao, hata leo husomwa. Hapa kwetu mimi sijaona jiwe kama hilo. Mwaka 2006 serikali iliiandikisha njia hii ya misafara kwa UNESCO katika orodha ya mahali panapongoja kutambuliwa kuwa urithi wa ulimwengu, pamoja na vituo vyake sita, yaani Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Nafurahi kwa hilo. Lakini bibi hakuuliza habari ya vituo.

Tulifanya shauri hivi. Kabla ya safari kila nyumba itamwambia mtoto wake habari za wazee wake, kadiri ipendavyo kusema. Na ipendayo kunyamaza, inyamaze. Mimi nitasimulia yaliyoandikwa, kwa majina yaliyoandikwa. Wala mimi wala mwalimu mwingine hatamwuliza mtoto yeyote mbele ya wenzake kwamba wazee wake walikuwa nani katika njia ile. Mtoto atakayemtukana mwenzake kwa nasaba atarudi nyumbani siku hiyo hiyo na mzazi wake ataitwa. Yule baba mwenye hofu ndiye aliyetaka neno hili la mwisho litiwe, nasi tukakubali. Kwa ajili ya hayo safari ikaahirishwa majuma mawili, ili nyumba zipate nafasi ya kuzungumza. Baadhi ya watoto walinung'unika sana.

Majuma hayo mawili yamekuwa ya ajabu hapa Cheyo. Kijana mmoja alikuja kuniambia ya kuwa babu wa babu yake alishuka pwani mara nne, na mara ya nne akarudi na mwavuli. Msichana mwingine alikuja, akasimama mlangoni kitambo, akasema tu, "Mama ameniambia," kisha akaenda zake. Sikumwuliza zaidi.

Mambo mengine nitayataja upesi kwa faida ya walimu. Peleka habari kwanza kwa watunzaji wa nyumba, siku kadha kabla, ukieleza hesabu ya watoto, na uulize kiingilio cha mwenyeji na cha mwanafunzi, maana si sawa na cha mgeni wa nchi za nje. Uulize pia kama picha zaruhusiwa. Usiende masika, kuta za udongo hupendeza baada ya mvua lakini njia haipendezi. Watoto wasiegemee kuta, wala wasichonge majina yao mlangoni. Wagawe makundi ya watu kumi kumi, maana vyumba ni vidogo. Kundi moja likiwa ndani, mengine yakae kivulini na mtu wa kuyasimulia. Kila mtoto apewe jambo moja tu la kutafuta. Mimi nimewapa wengine kuupima unene wa ukuta kwa shubiri zao, wengine kutafuta mahali ambapo jua haliingii hata adhuhuri, na wakubwa watafute kila jina la Mwafrika lililoandikwa ndani ya nyumba, walinakili katika daftari, na kando yake waandike alifanya kazi gani. Uliza na habari ya Shaw, baharia Mwingereza wa msafara wa Stanley, aliyerudishwa kutoka njiani kwa ugonjwa akafa Kwihara; watoto hawajui kwamba na Wazungu wengine walikufa huku bila kusifiwa.

Chakula kitakuwa viazi vitamu na karanga, na matobolwa kwa ajili ya njia ya kurudi. Maji yatakwenda mbele kwa baiskeli tatu, madumu sita. Tutaondoka Jumamosi saa 12 alfajiri.

Habari ya mwisho nimeipata jana jioni. Bibi alimtuma mjukuu wake aniite. Nikamkuta uani akichambua maharage. Akasema amekwisha mwambia mtoto yote anayoyajua, nayo ni machache: jina ambalo bibi yake aliitwa hapa mjini, ambalo si lile alilopewa na mama yake, na wimbo mmoja wa kumlaza mtoto ambao maneno yake hakuna ajuaye maana yake tena. Kisha akauliza kama bodaboda yaweza kumchukua mtu wa umri wake polepole. Nikamjibu yaweza, nami nitamtafuta kijana asiye na haraka.

"Basi nitakuja," akasema. "Ndani sitaingia. Mniwekee mkeka nje kivulini. Huyu ataingia, halafu aje anieleze alichokiona."

Nimekwisha mpata kijana wa bodaboda. Mkeka utatoka kwangu.